Mgeni Mwenyeji

Mwaka jana niliombwa kutafsiri kwa Kiswahili kanuni za mpango wa uaminifu wa hoteli. Kurasa hazikuzidi kumi na mbili, nami nilidhani kazi ingekwisha kwa siku mbili. Ilinichukua wiki tatu. Sentensi iliyonikwamisha ilikuwa nyepesi kuisoma: mteja mwaminifu anaweza kupewa chumba bora kuliko alicholipia, kwa kutegemea upatikanaji. Chumba bora hakikunitatiza, na upatikanaji nao niliuzoea. Neno lililonikwamisha ni "mwaminifu", ambalo nimelitumia tangu utotoni bila kuliuliza swali.

Nakileta kisa cha neno hilo mbele yenu, wapenzi wa lugha, kwa kuwa nyuma yake kuna chumba kimoja cha Dubai na swali moja la mama yangu.

Mimi ni mkalimani. Riziki yangu iko katika vibanda vya vioo vilivyo nyuma ya kumbi za mikutano, na kazi hiyo humlaza mtu hotelini. Mwenye kulala sana hotelini hujikuta amekuwa mwanachama wa mpango wa aina hii, na asipojichunga huanza kuupenda.

Mipango yenyewe iliiga mashirika ya ndege. American Airlines ilianza kuwahesabia abiria wake maili mwaka 1981; mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott zikaanza kuwahesabia wageni wao. Hadi leo mgeni hupata vitu viwili, na wengi huvichanganya. Cha kwanza ni alama. Hizi hutokana na fedha ulizotumia, na hutumika kama sarafu: unalipia malazi mengine, au unaongezea ili uhamishiwe chumba kikubwa. Cha pili ni hadhi, ambayo hutokana hasa na idadi ya siku ulizolala ndani ya mwaka. Alama hutumika zikaisha. Hadhi huvaliwa kama joho, na huvuliwa usipotimiza idadi. Kwa kanuni za mwaka 2024, ngazi za Marriott zilianzia siku 10, zikapanda hadi 25, 50, 75 na kuendelea. Hyatt ilitaka siku 60 kwa ngazi yake ya juu. Ngazi hizo tunaziita madaraja, na hapo lugha yetu imefanya mzaha wake: neno ambalo kwa Kiarabu ni kipandio, kwetu ni cheo, na pia ni kitu cha kuvukia mto.

Chumba bora kina milango mitatu. Wa kwanza ni hadhi: ukifika mapokezi, karani hutazama vyumba vilivyobaki, akipenda akakupa. Wa pili ni alama: unalipa tofauti. Wa tatu ni hati ambazo baadhi ya mipango huwapa waliofikisha idadi fulani ya siku. Unaiambatisha hati kwenye nafasi uliyoweka, na jibu huja siku chache kabla ya kufika. Aliyezoea anajua na mengine. Huweka nafasi kwa hoteli yenyewe, kwa kuwa aliyepitia kwa wakala wa mtandaoni mara nyingi hahesabiwi siku wala hadhi. Huchagua hoteli yenye vyumba vingi vikubwa. Hukaa siku chache, maana ni rahisi kumpa chumba kikubwa mtu wa usiku mmoja kuliko mtu wa wiki nzima. Kisha huomba kwa upole. Haya yote niliyajua, na nilijivunia kuyajua.

Basi mwaka ule nilifikisha siku 50. Mama yangu, mwenye miaka 71, alikuwa amejaaliwa kwenda Umra, nami nilimsindikiza. Njiani kurudi tulipanga kupumzika Dubai siku tatu kabla ya ndege ya Dar es Salaam. Niliambatisha hati zangu kwenye nafasi ya Dubai, nikamwambia mama tukiwa bado Makka: "Mama, utalala chumba chenye sebule." Nilimwahidi kabla ya kujibiwa, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Jibu lilikuja tukiwa tunafunga mizigo. Ombi halikufaulu.

Tulipofika mapokezi nilifungua simu, nikaona chumba kile kile bado kinauzwa kwa siku zile zile. Nikamwonyesha binti aliyekuwa zamu. Nikazungumza Kiingereza changu cha kibandani, kile kisichopandisha sauti wala kushusha mabega. Nikataja daraja langu mara mbili. Binti akanisikiliza, akaeleza kwamba chumba kinachotarajiwa kuuzwa hakihesabiwi kuwa kimebaki, na kwamba hayo si maamuzi yake. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wake wa maji ya Zamzam. Akasoma kibandiko cha jina kwenye kifua cha yule binti, akamwamkia kwa Kiswahili kana kwamba wako sokoni Tanga.

"Hujambo, mwanangu?"

Binti alinyamaza kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Kisauni, mama. Mombasa."

Sitaki mtu adhani kwamba salamu ile ilitufungulia chumba. Haikutufungulia. Binti alirudi kwenye kompyuta yake na kutuambia lililowezekana kwa kila mtu: tulipe tofauti kwa alama. Nililipa. Alama za miaka miwili zilikwenda kwa siku tatu, nami nilikunja karatasi nikaitia mfukoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Chumba kilikuwa kizuri. Kilikuwa na sebule ya viti sita, meza ya kioo, na dirisha lililoonyesha mji hadi ukungu ulipouficha. Mama alizunguka polepole, akagusa mgongo wa kila kiti. Kisha akauliza:

"Sebule hii, mgeni wetu nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwake sebule ni mahali pa kuketisha watu, na watu wenyewe hawakuwepo. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, sabule ndicho kilikuwa chumba cha mgeni, karibu na kiingilio, ili aliyekuja aheshimiwe bila kupita kati ya watu wa ndani. Mimi nilikuwa nimenunua sebule ambayo mgeni wake ni mimi na mwenyeji wake ni mimi, na sikuwa na wa kumkaribisha.

Usiku akaniuliza watu wale wamenijuaje hata wakaniandikia karatasi ya kunikaribisha kwa jina. Nikamweleza habari ya madaraja. Nikasema, kwa fahari ambayo hadi leo inanichoma, kwamba si kila mtu hufikisha siku hamsini.

Alifikiri kidogo. "Kwangu mwaka huu umelala siku nne," alisema. "Mbili za Idi, mbili za msiba wa baba yako mdogo. Basi wenyeji wako ni hawa."

Alisema bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu. Mimi sikuwa najua idadi hiyo. Hoteli ilijua siku zangu zote hamsini, na mama alijua nne zake. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sihesabu chochote isipokuwa alama.

Siku mbili zilizofuata mama hakukaa sebuleni. Alishuka chini kila asubuhi, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na lango, na kila aliyepita na sura ya nyumbani alimwamkia. Hadi tunaondoka alikuwa anajua kwamba mama wa yule binti wa Kisauni anaumwa goti, kwamba mlinzi wa usiku ni Mganda wa Jinja mwenye watoto pacha, na kwamba mfagiaji wa ghorofa yetu hajarudi kwao kwa miaka mitatu. Mimi, katika siku zangu hamsini, sikuwa na jina la mtu hata mmoja. Kwenye ndege nilitoa kalamu nikaandika ubeti huu, nao umebaki peke yake hadi leo kwa kuwa sikupata wa pili:

Nimelala ugenini, siku wakazihesabu,
Zikafika hamsini, wakaniita habibu,
Kwa mama kule nyumbani, nne ndizo akajibu,
Mwenyeji wangu ni nani, wa mbali ama karibu?

Miezi michache baadaye ndipo tafsiri ile iliponifikia, na ndipo "mteja mwaminifu" aliponikwama kooni. Nilirudi kwenye mzizi. Mwaminifu, imani na amana ni ndugu wa tumbo moja la Kiarabu. Kwa matumizi yetu ya kila siku, mwaminifu ni mtu unayemwachia amana, ukaenda zako, ukairudia ukaikuta. Sasa tuulize: katika mpango wa hoteli, nani kamwachia nani amana? Mgeni ndiye aliyeweka alama zake, na hoteli ndiyo inayozishika na kuzipangia thamani. Hilton iliacha kuchapisha jedwali la bei za alama mwaka 2017, na Marriott mwaka 2022. Tangu hapo chumba kile kile leo chaweza kutaka alama hizi na kesho zile, kama bei ya samaki. Hapana aliyeibiwa, maana kanuni zinaruhusu. Ila kwa upande wa lugha, anayepimwa uaminifu ni mshika amana. Tulipomwita mweka amana "mwaminifu", tulilivaa neno nyuma mbele.

Nikatafuta neno lingine, na nililipata mahali nisipopatarajia. Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona desturi iliyomvutia. Meli ikiingia bandarini, vijana wa mji huilaki kwa vyombo vidogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake, na mfanyabiashara huyo hushukia kwa kijana huyo tu. Anaeleza kwamba walioachwa huru ni wale waliokwisha kuja mara nyingi wakawajua watu wa mji: hao hushukia wanakotaka.

Niliisoma habari hiyo mara tatu. Hapo palikuwa na mgeni wa mara kwa mara, na hapo palikuwa na upendeleo wake: achague nyumba mwenyewe. Sharti lake lilikuwa kuja tena na tena, kama la mipango ya leo, lakini na jingine lililonipita mimi mwenye siku hamsini: kuwajua watu.

Kiswahili kina jina la mtu huyo. Tunamwita mwenyeji. Wengi wetu tunalisikia humo "mwenye mji", lakini hatulitumii kwa mwenye nyumba peke yake. Mtu wa Tanga aliyekwenda Bukoba mara kumi husema, "Mimi kule mwenyeji," akiwa na maana kwamba anajua njia, anajua watu, hapotei. Neno moja limemchukua anayekaribisha na anayekaribishwa, mradi huyu wa pili amekaa akajulikana. Sijui lugha nyingi zinazomruhusu mgeni avuke daraja la namna hiyo.

Kwa hiyo katika tafsiri yangu niliandika "mgeni mwenyeji" badala ya "mteja mwaminifu". Alama nikaziacha alama, hadhi nikaiacha hadhi, na kile ambacho vijana wa mapokezi hukiita apgredi nikakiita kupandishiwa chumba. Aliyenipa kazi alishukuru, akalipa kwa wakati, akamrudisha "mteja mwaminifu" mahali pake. Ana haki, hati ni yake. Barazani kwetu hapa hakuna anayemiliki hati, na ndiyo maana nimelileta neno kwenu mlipime. Mwenye bora kuliko hili asilifiche.

Limebaki jambo moja. Methali yetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tangu shuleni nilifundishwa kwamba ni namna ya kumchoka mgeni: heshima yake hupungua kadiri anavyokaa, kinyume cha hoteli, ambako hupanda kwa kila usiku. Mwezi wa Mei nilikwenda Tanga bila Idi wala msiba. Siku ya kwanza mama alinipikia samaki wa kupaka, na nilikatazwa hata kuondoa sahani. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta uani, ameegemeza jembe kwenye mlango wa jiko.

"Migomba ile ya nyuma imesongwa na majani," alisema. "Anza upande wa kisima."

Nililichukua. Mpini ulikuwa mpya, umekatwa kwa urefu wangu.