Sahani Tuliyoitenga

Nyumbani kwetu Kitai, pale inapochepuka barabara ya kuelekea Lituhi na ziwani, sinia ni moja. Baba, mama, watoto na mgeni aliyekuja bila taarifa, wote hunawa mikono, husema Bismillahi na kula pamoja. Lakini ulipita mwezi mzima wa Ramadhani tukiwa tumemtengea kijana wetu mkubwa sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Tunaliandika jambo hili kwa kuwa tulikosea, na huenda wapo wazazi wenzetu wanaokosea kama sisi.

Alikuwa na miaka 19 alipokwenda kuchangia damu. Damu inayochangwa hupimwa kwanza, naye akaitwa, akaelezwa kuwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Hakuwa akiumwa popote; kesho yake alishika jembe akaenda shambani. Kipimo kiliporudiwa baada ya miezi sita, virusi vilikuwa bado vipo. Hapo tukaambiwa kwamba maradhi hayo yamekuwa ya kudumu.

Tukapimwa sote, na mama akakutwa navyo. Daktari alieleza kwa upole kwamba yaelekea kijana aliambukizwa wakati wa kuzaliwa. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini ni takriban asilimia 90, ilhali mtu mzima aghalabu huvishinda. Yeye alizaliwa mwaka 2001; chanjo ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002. Wadogo zake waliipata na, alhamdulillah, wamesalimika. Usiku ule mama alilia sana. Kijana ndiye aliyemliwaza: "Mama, wewe ulinipa uhai. Haya mengine ni kadari ya Mwenyezi Mungu."

Pamoja na maneno hayo, sahani tuliitenga. Tuliogopa, wala hatukuuliza. Tungeuliza, tungeelezwa mapema kwamba virusi hivi hupita katika damu, katika tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Havipiti katika sinia, kikombe wala kupeana mikono. Vya kutenga ni wembe, mswaki na kikatio cha kucha. Siku tulipoelezwa, mama aliirudisha ile sahani kabatini bila kusema neno. Jioni kijana aliketi mahali pake pa zamani, nasi tukashindwa kumtazama usoni.

Baada ya hapo tulimlinda kama mboni ya jicho. Sisi ndio tuliotunza kadi yake, sisi ndio tuliokumbuka tarehe, na kliniki ya Songea tulimsindikiza kama mtoto. Jamaa mmoja alipotuletea mizizi ya kuchemsha, tulimimina kikombeni. Kijana alikataa: "Nitamuuliza daktari kwanza." Akajibiwa kwamba zipo dawa za mitishamba zinazoweza kuliumiza ini zaidi. Ndipo tulipotambua kwamba ameshatupita, tukamkabidhi kadi yake.

Sasa kila miezi sita huenda mwenyewe kupimwa damu na kupigwa picha ya ini. Bado hajaanzishiwa dawa, kwa kuwa si kila mwenye virusi huanza mara moja. Lakini anajua kwamba akianza, hataacha kwa hiari yake. Karanga na mahindi yenye ukungu huyatupa, kwani sumukuvu na virusi hivi vikikutana huzidisha hatari ya saratani ya ini. Shaabani ikiingia, humuuliza daktari kuhusu funga yake.

Mtihani mkubwa ulikuja wakati wa posa. Tunakiri kwamba tulimshauri anyamaze mpaka ndoa ifungwe. Alituinamia kwa adabu akasema, "Baba, mama, mke ni amana. Amana haianzi kwa kufichana." Akaenda na mshenga, akamweleza baba wa binti. Mzee yule alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu: binti yake atakingwaje? Binti akapimwa, akakutwa salama, akaanza chanjo ya dozi tatu. Nikaha ikasubiri miezi sita hadi dozi ya mwisho.

Wazazi wenzetu, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba. Tuwapime watoto wetu, tuulize kabla ya kuogopa, kisha tuwaachie vijana nafasi ya kujitunza. Bibi harusi alipoletwa kwetu, alinawa mikono na kuketi kando ya mumewe. Sinia lilikuwa moja.