Folda inayoamsha skripti: mizani Kitale, malipo Bungoma

Leo tuzungumzie jinsi ya kuifanya kompyuta iendeshe skripti yenyewe mara tu faili mpya inapoingia kwenye folda.

Namtengenezea programu mfanyabiashara mmoja wa mahindi. Ghala lake liko Kitale, ofisi ya malipo iko Bungoma. Mkulima akishusha magunia, kilo zinaandikwa kwenye faili ndogo ambayo inatumwa Bungoma. Huko skripti inapiga hesabu na kuandaa malipo ya M-Pesa. Si mchezo: mwezi wa Januari shule zikifunguliwa, faili hiyo ndiyo karo ya mtoto.

Wengi hutumia cron kuchungulia folda, tuseme kila saa. Mkulima anangoja bure. Linux ina njia bora, inotify, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.13 mwaka 2005, kazi ya John McCutchan na Robert Love. Hapa huchungulii, kerneli yenyewe inakubishia hodi. Sakinisha inotify-tools, kisha:

inotifywait -m -e moved_to --format '%f' /home/mizani | while read f; do ./lipa.sh "$f"; done

Mbona moved_to na si create? Create inatoa habari faili ikizaliwa tu, kabla haijaandikwa kitu. Ukiisoma hapo, aliyeleta magunia 40 anaweza kulipwa ya 12. Basi close_write, inayongoja faili ifungwe? Ni afadhali, lakini mtandao ukikatika katikati, programu inayopokea inaweza kuifunga faili ikiwa nusu. Kerneli inajua faili imefungwa. Haijui kama imekamilika. Anayejua ni aliyetuma.

Kwa hiyo faili kutoka Kitale hufikia kwanza kwenye folda ya kupokelea. Ikishafika yote, Kitale ndiyo inayotoa amri ya mv kuihamishia /home/mizani. Folda zote mbili ziwe kwenye patisheni moja, maana hapo mv hubadilisha jina tu na skripti haiwezi kukuta nusu faili. Ukitumia rsync, kwa kawaida yenyewe huandika kwa jina la muda, kisha hulibadilisha mwishoni.

Jambo lingine ni stima. Ikipotea, inotify haikumbuki yaliyopita: faili iliyoingia skripti ikiwa imelala haitatangazwa tena. Ndiyo maana skripti yangu ikiamka huanza kusikiliza, kisha hupitia faili zote zilizomo. Iliyokwisha kushughulikiwa huhamishiwa folda nyingine, na kila risiti ina namba yake, ili mtu asilipwe mara mbili.

Ukitaka kuhakikisha, usianze na pesa za watu. Tengeneza folda ya majaribio, tuma faili kubwa, halafu chomoa waya wa mtandao kabla haijafika. Skripti ikinyamaza kimya, umefaulu.