Kununua vitambaa vya blanketi la viraka kule Kampala



Kila mara mmoja wetu anapofunga safari ya Kampala, wengine tunamfuata na pesa mkononi: "Mama, utuletee vitambaa vya mablanketi." Naye anauliza: vitambaa gani? Yadi ngapi? Rangi gani? Hapo tunanyamaza, tunamwambia achague mwenyewe. Anarudi na mfuko mzito, na siku ya kukata tunakuta kitambaa kimoja ni kizito kama gunia, kingine kinateleza kama samaki, cha tatu kinaacha rangi vidoleni. Juma hili tuongee namna ya kununua vizuri, ili pesa yetu na safari ya mwenzetu visipotee.

Jambo la kwanza ni hili: kitambaa cha blanketi la viraka hakinunuliwi kama kitambaa cha gauni. Gauni likichuja rangi, limejiharibu lenyewe. Blanketi ni ujirani. Viraka mia na zaidi vinalala bega kwa bega, vinafuliwa katika beseni moja, miaka na miaka. Kiraka kimoja chekundu kikichuja, kinawapaka wote walio kando yake, na kazi ya wiki nyingi inageuka kitambaa cha kupangusia meza. Kitambaa tunakilipa mara moja sokoni, lakini macho na mikono ya mama aliyeshona usiku hakuna duka linaloiuza.

Njia

Kwa sisi wa Beni na Butembo, njia ni ile ya Kasindi. Kabla ya kupanga siku, muulize aliyepita jana hali ya barabara. Hilo sina haja ya kulieleza zaidi. Ukivuka mto Lhubiriha uko Mpondwe, na bado hujawa mgeni kabisa: Wakonzo wa ng'ambo ile na sisi Wanande tunasikilizana, salamu inaitikiwa. Kutoka hapo gari linaelekea Kasese, likikata mbuga ya Queen Elizabeth, kisha safari ndefu hadi Kampala. Wengi husafiri usiku na kufika alfajiri. Usiende sokoni moja kwa moja na usingizi machoni. Nawa uso, kunywa chai, kula kitu. Mtu aliyechoka hununua haraka ili apumzike, na muuzaji anamjua tangu mlangoni.

Pesa: badilisha dola zako katika ofisi ya kubadilishia, si kwa kijana wa barabarani. Noti kuukuu, zilizochanika, au ndogo ndogo hupewa bei ya chini, na nyingine hukataliwa kabisa. Chagua noti safi kabla hujatoka nyumbani.

Kiyembe

Vitambaa vya Kampala viko sehemu nyingi, lakini mahali pa kuanzia ni Kiyembe, upande wa chini wa mji penye biashara nyingi. Ni njia nyembamba, maduka yamebanana, majora yamesimama wima kama watu kwenye foleni, na mashine za kushona zinalia. Wenye duka wengi wamezoea wateja wa Kongo na wanajua Kiswahili kiasi. Lakini maneno machache ya Kiganda yanafungua uso wa mtu. Mwanamke mwite "nnyabo", mwanamume "ssebo". Bei ni "mmeka?" Ukitaka apunguze, sema "salako", na ukimaliza, "webale nnyo". Usitaje bei ya kumdharau. Zunguka maduka matatu kwanza bila kununua, ujue bei ya siku hiyo, ndipo urudi kwa yule aliyekupokea vizuri.

Kuna nguo nyingine utakazoziona pale zikakuvuta macho: vitambaa vya gomesi, lile vazi la mabega yaliyochongoka na mkanda mpana ambalo wamama wa Buganda huvaa kwenye sherehe. Jina lake linatoka kwa fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes. Ni vitambaa vya kupendeza, lakini vingi vinang'aa na kuteleza, haviwezi kushikana na kitenge cha pamba. Vitazame, vishangilie, uviache.

Kumjaribu mgeni kabla ya kumwingiza nyumbani

Chukua pamoja nawe kitambaa cheupe kidogo, chupa ya maji na kiberiti. Ni duka lako la ukaguzi.

Lowesha kitambaa cheupe, sugua kona ya kile unachotaka. Rangi ikihamia kwenye cheupe, rudisha. Usidanganyike na wale wanaosema utalowesha kwa chumvi au siki. Havigeuzi rangi mbaya kuwa nzuri. Jaribu hasa nyekundu, nyeusi na buluu nzito, maana hao ndio wachokozi.

Omba uzi mmoja kutoka pembeni, uuchome ukiwa nje ya duka. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na jivu lake linapukutika. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kwa blanketi tunataka pamba: inapigwa pasi ikakaa, inapitisha hewa, haimtoi mtoto jasho.

Geuza kitambaa. Kitenge cha waksi cha kweli kina rangi pande zote mbili, nje na ndani karibu sawa. Kile kilichochapwa upande mmoja, mgongo wake umefifia. Si kibaya kwa viraka, lakini bei yake isiwe ya waksi. Soma pia maandishi ya ukingoni, ila usiyaamini peke yake. Kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, imeigwa miaka mingi, na maandishi ni kitu rahisi kuiga kuliko kitambaa chenyewe.

Mwisho, kifinyange mkononi. Kitambaa kilichopakwa wanga mwingi kinasimama kama karatasi dukani, na kikifuliwa mara ya kwanza kinabaki chandarua. Kisugue kati ya vidole: ukiona unga mweupe, wanga ndio unaouzwa. Kiinue kuelekea mwanga: ukimwona muuzaji upande wa pili, kiache.

Hesabu ya yadi

Hapa ndipo tunapopoteza pesa nyingi. Tuhesabu pamoja, chukueni kalamu.

Blanketi la kitanda kikubwa, tuseme mita 2 kwa mita 2 na sentimita 20. Tukikata viraka vya mraba vya sentimita 22, tukaacha sentimita 1 kila upande kwa mshono, kila kiraka kikishashonwa kinabaki sentimita 20. Tunahitaji safu 11 za viraka 10, yaani viraka 110. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 kinatoa viraka 5 kwa upana. Yadi moja, ambayo ni sentimita 91, inatoa safu 4. Kwa hiyo yadi moja ni viraka 20. Uso wa blanketi zima unataka yadi 6 tu, na viraka 10 vinabaki.

Lakini yadi 6 za kitenge kimoja si viraka, ni shuka. Tunataka yadi moja moja ya vitenge sita. Na duka la jumla halikati yadi moja. Linauza demi-piesi ya yadi 6 au piesi nzima ya yadi 12. Wapo wanaokata rejareja, ila kila yadi inapanda bei.

Dawa yake ni umoja wetu. Wamama sita wakichanga, msafiri ananunua demi-piesi sita, kila moja ya rangi yake. Akirudi, kila demi-piesi inakatwa yadi sita, kila mama anapata yadi moja ya kila rangi. Yadi 36, mablanketi 6, kwa bei ya jumla, na hakuna mama aliyebaki na yadi tano za maua yasiyomfaa. Mama mmoja akienda peke yake na pesa yake peke yake, soko linamshinda.

Rangi nazo zisichaguliwe zote za kupiga kelele. Katika sita, chagua mbili zenye michoro mikubwa, mbili zenye michoro midogo, moja iliyotulia karibu ya rangi moja, na moja nyeupe au ya maziwa ili macho yapumzike. Zipange juu ya meza ya duka kabla ya kulipa, urudi nyuma hatua tano, ufumbe jicho nusu. Itakayokurukia ndiyo itakayotawala blanketi lote.

Owino kwa ajili ya mgongo

Blanketi lina tabaka tatu: uso wa viraka, kijazo cha katikati, na mgongo. Mgongo wa blanketi letu ukikatwa kwenye kitenge unakula yadi 5 nyingine, ambazo hakuna atakayeziona. Kwa hiyo toka Kiyembe uende Owino, karibu na uwanja wa mpira wa Nakivubo. Jina lake rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe, yule shahidi wa Uganda aliyeuawa mwaka 1885. Huko kuna chaguwa, ambayo wao wanaiita mivumba. Tafuta mashuka ya kitanda ya pamba. Shuka lililofuliwa mara nyingi huko lilikotoka limekwisha kurudi na kuchuja, halitakushangaza tena. Lipime kwa utepe, si kwa macho, na uliinue kwenye mwanga uone palipochakaa katikati. Mablanketi mepesi ya huko yanafaa kuwa kijazo.

Shika mkoba wako mbele, pesa zigawe mahali pawili, na usifungue burungutu lote mbele ya watu.

Ukiwa na saa moja ya ziada, ulizia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambalo Waganda hulipondaponda kwa nyundo za mbao hadi linakuwa laini, rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Halifai kwa blanketi la kufuliwa, lakini kipande kidogo kwenye picha ya ukutani ni kitu kizuri.

Kitambaa kisichouzwa popote

Kuna wamama kati yetu wanaoshona blanketi kwa vitenge vya marehemu mama yao, au vile vya Machi 8 vya miaka iliyopita, au vya kwaya ambayo imekwisha kutawanyika. Hao wakimtuma msafiri, hawatumi pesa tu, wanatuma kipande: "Nitafutie kinachofanana na hiki." Msafiri, usikichukulie kama karatasi. Kifunge katika leso, kisipotee. Huenda hutapata mchoro uleule, maana michoro hutoka na kupotea. Tafuta rangi inayoweza kukaa karibu nacho bila kukifunika. Ikikosekana, rudisha pesa. Ni heri blanketi lisubiri kuliko kumletea mtu jirani asiyemfaa mama yake.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kuvuka mpaka kwa ajili ya kitambaa? Tangu mwaka 1917 utawala wa Wabelgiji ulianza kuwalazimisha wakulima wa Kongo kulima pamba, na wazee wengi walikufa wakiichukia. Baadaye tulikuwa na viwanda vyetu: Filtisaf kule Kalemie, Sotexki kule Kisangani, Utexafrica Kinshasa. Leo tunapofungua kabati za bibi zetu tunakuta vitenge vya viwanda hivyo bado vina rangi. Msivitupe. Hata kilichochanika kinatoa viraka kumi, na hakihitaji safari.

Kurudi

Omba risiti kwa kila unachonunua, uziweke pamoja na hati zako. Nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, lakini mfuko wa vitambaa bado unaulizwa pale duane. Mwenye karatasi anajibu kwa utulivu, na anayelipa ada adai karatasi yake.

Vikifika nyumbani, fua vyote kabla ya kukata, kila rangi katika maji yake, uanike kivulini, upige pasi. Vitarudi kidogo, virudi sasa, visije vikarudia ndani ya blanketi na kulikunja.

Wanaotaka kuchanga kwa safari ijayo waje kwenye mkutano na vipimo vya vitanda vyao vimeandikwa kwenye karatasi, siyo kichwani. Na atakayesafiri, tumwombee njia njema, tumpe na pesa ya chakula chake. Mabega yanayobeba yadi zetu 36 ni yake.