Boti Haiozi Nje

Wenye boti za faiba hupenda kusema faiba haiozi. Ni kweli. Ila ubao wa tezi, pale inapofungwa mashine, katika boti nyingi una kiini cha plaiwudi kilichovikwa faiba nje na ndani, na bolti za mashine hutoboa vyote. Mtikisiko ukishalegeza silikoni inayoziba matundu hayo, maji hupenya kidogo kidogo hadi kwenye kiini, na humo hayana pa kutokea. Kuvu hupata unyevu na giza, huanza kula. Nje boti bado inang'aa.

Lawama huangukia bahari, na bahari inaonewa. Chumvi hulizuia kuvu. Maji ya mvua ndiyo yanayoozesha zaidi. Boti iliyoanikwa nchi kavu bila turubai, kizibo cha kutolea maji hakijatolewa, yaweza kuoza kuliko ile inayokwenda kuvua kila siku. Kupumzishwa nako kuna hatari yake.

Jahazi la mbao ni kinyume chake. Linavuja waziwazi. Mabaharia hufua maji, kisha likipwelewa hutiwa kalafati, na hakuna anayeona haya. Nimekaa katika familia za namna zote mbili: zinazogombana barazani hadi majirani wakachoka, na zile ambazo ukiuliza habari unajibiwa njema, njema, njema. Za pili ndizo zilizonishtua zilipovunjika. Siku hizi mtu akinigombeza nashukuru, ingawa si papo hapo.

Dalili zipo. Fundi hugonga kwa nyundo: palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza sauti hufifia. Bolti ikikazwa, washa huzama na majimaji ya kahawia hutoka. Mwenye chombo akiyaona hayo hukaza tena. Sisi nasi tuna ya kwetu ya kukaza: sheria mpya nyumbani, kikao kingine cha ukoo.

Matengenezo yenyewe yanaumiza macho. Ngozi ya ndani hukatwa, ya nje ikaachwa kushika umbo, na kiini hukwanguliwa mpaka ufikie ubao mkavu. Hapo ndipo ubishi na mwenye boti huanza, maana anaona kizuri kinatupwa, kumbe kizuri hicho kimeshalowa. Kisha ni kungoja pakauke. Ukifunika unyevu kwa faiba mpya, umeufungia tu chumba kipya. Kigumishi nacho kikizidishwa ili kuharakisha, resini huchemka, hutoa moshi na kupasuka. Kuna haraka isiyolipa.

Sehemu ninayoiheshimu zaidi ni ndogo. Tundu la bolti hutobolewa kubwa kuliko inavyotakiwa, likajazwa epoksi hadi likawa gumu, kisha likatobolewa upya, jembamba, katikati ya epoksi hiyo. Bolti hupita bila kugusa ubao hata kidogo, hivyo hata silikoni ikilegea, maji hayapati cha kulowesha. Mashine ikisharudishwa mahali pake kazi hiyo haionekani, na wapo mafundi wanaoiruka.