Namba ya Mlangoni

Mlango wa maabara niliyoanzia kazi ulikuwa na stika ya njano yenye ile alama nyeusi ya miviringo iliyokatana, namba 2, na sentensi moja ya Kiingereza. Mama aliyekuwa akitufanyia usafi aliipangusa stika ile kila asubuhi. Ilikuwa inang'aa kuliko kitu chochote kwenye korido. Miaka yote aliyoipangusa, hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia maana yake.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo na kichwa kimejaa madaraja. Vijidudu vina makundi manne. Kundi la 1 ni vile visivyomdhuru mtu mwenye afya, kama hamira ya mikate. La 2 ni vile vinavyoweza kuumiza lakini havitishi sana maabara ikiwa makini, kwa mfano kipindupindu. La 3 ni vya kuogopwa, na bakteria wa kifua kikuu wamo humo. La 4 ni Ebola, Marburg na ndugu zao. Vyumba vya maabara navyo vina ngazi nne, na hapo ndipo wengi tunapojikwaa, maana namba ya chumba na namba ya kijidudu si kitu kimoja. Sisi tulikuwa na kijidudu cha kundi la 3 katika chumba cha ngazi ya 2, na hatukuwa tumevunja sheria. Kifua kikuu kina kazi nyepesi na kazi nzito. Kupaka makohozi kwenye kioo na kuyaangalia kwa hadubini hakurushi bakteria wengi hewani. Kuyachakata kabla ya kuotesha kunarusha zaidi. Kushika bakteria waliokwisha kuota, wamejaa kwenye chupa kwa mamilioni, hiyo ni habari nyingine na inadai chumba kingine.

Haya yote niliyajua. Nilipata alama nzuri.

Siku hiyo mwenzangu alikuwa anatoa sampuli kwenye mashine ya kuzungushia. Akateleza, mirija ikaanguka, miwili ikafunguka na makohozi yakatapakaa sakafuni. Tulifanya tulivyofundishwa. Hatukuinama kufuta. Tulitoka, tukafunga mlango, tusubiri hewa ya mle ndani ibadilike ndipo turudi na dawa na vifaa kamili. Mwenzangu akaenda kuoga. Mimi nilitakiwa kubaki mlangoni, lakini nikaona ni bora nimfuate msimamizi, dakika mbili tu. Kwani nani angeingia? Stika si ipo?

Niliporudi mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa saa yake ya kupiga deki, na ufunguo alikuwa nao. Nilimkuta na ndoo, kanga kiunoni, anakamua tambara kwa mikono mitupu. Alinitazama akacheka.

"Mwanangu, mmemwaga uji mkakimbia?"

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu. Alitolewa, akaoga, akaandikwa kwenye daftari la matukio, akapelekwa kupimwa. Akaambiwa arudi akianza kukohoa, kupungua uzito au kutoka jasho usiku. Nilikuwepo alipouliza swali moja tu: mjukuu wake wa miaka miwili analala naye kitanda kimoja, itakuwaje? Daktari alimjibu vizuri, kwa upole. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilijua kwamba watoto wadogo ndio kifua kikuu kinawakamata upesi na vibaya. Nilijua pia kwamba mtu akiambukizwa, miaka miwili ya mwanzo ndiyo ya kuangaliwa sana. Kwa hiyo nilianza kuhesabu. Kila alipokohoa kwenye korido, mimi moyo ulinipasuka.

Hakuugua. Mjukuu naye hakuugua. Hii ninaisema mapema ili msomaji asibaki na roho juu kama nilivyobaki mimi. Ila kutokuugua kwao hakukuwa kazi yangu.

Wiki ya pili nilimfuata stoo nikamwomba radhi. Aliipokea, halafu akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Sikulaumu kwa kumwaga, baba. Kumwaga kila mtu anamwaga. Ila nyie wenye barakoa ndo mlikimbia, mie mwenye kanga nikaingia."

Nilijaribu kujitetea kwa kumweleza makundi na ngazi. Nikakwama kwenye neno. Kiswahili chetu cha kila siku kina "hatari" moja tu, na tunaibebesha kila kitu. Simba ni hatari, waya uliochubuka ni hatari, hata mchezaji aliyefunga mabao matatu tunasema jamaa ni hatari. Ofisini tumejitengenezea "vihatarishi", lakini ukilitamka stoo unaonekana umekuja na semina. Nilitaka kumweleza kwamba kitu chenye uwezo wa kudhuru ni jambo moja, na uwezekano wa kudhurika nacho ni jambo la pili.

Alinielewa kabla sijamaliza. Alfajiri, kabla ya kuja kazini, huwa anachoma maandazi. "Mafuta ni yaleyale kila siku," akasema. "Nikiwa peke yangu nayaacha jikoni nafuata unga. Huyu mtoto akiwa anatembea, siyapi mgongo hata nikiitwa na nani."

Niliduwaa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa toleo la 4 la mwongozo wake wa usalama wa maabara, na moyo wa toleo lile ni huo huo. Kundi la kijidudu peke yake halitoshi kukuamulia ulinzi. Uliza unafanya kazi gani nacho, kwa vifaa gani, nani anaifanya, ana ujuzi gani, na nani yuko karibu. Yaani usitazame mafuta tu, tazama na nani yuko jikoni.

Na walioko jikoni mara nyingi hawamo kwenye orodha yetu. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, Oktoba 1977, huko Merka, pwani ya Somalia. Alikuwa mpishi wa hospitali, na aliipata kwa kuwaonyesha njia waliokuwa wanawasafirisha wagonjwa. Alipona. Mwaka uliofuata ndui ikatokea tena, safari hii Birmingham, Uingereza, kwenye jengo la chuo lenye maabara iliyokuwa inavichunguza virusi hivyo. Aliyeugua ni Janet Parker, mpiga picha, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu ya maabara ile. Alifariki Septemba 1978. Namna virusi vilivyomfikia inabishaniwa mpaka leo. Isiyobishaniwa ni kwamba kazi yake haikuwa ndui.

Halafu nikaja kusoma habari za ile alama ya njano. Ilibuniwa mwaka 1966 Marekani, katika kampuni ya Dow Chemical, Charles Baldwin akiwa miongoni mwa waliohusika. Waliwaonyesha watu alama nyingi, wakachagua ile iliyokumbukwa zaidi lakini ambayo watu hawakuweza kuibashiria maana. Walitaka chombo kitupu ili wakitie maana wenyewe kwa kuwafundisha watu. Niliposoma hapo niliona aibu upya. Alama yenyewe ilibuniwa kwa sharti kwamba mtu atafundishwa. Sisi tulinunua stika, mafunzo tukayabakiza kwetu.

Baada ya tukio lile, mafunzo ya usalama yalianza kuwahusisha watu wa usafi, mlinzi na fundi wa umeme. Mimi nilipewa kuandika tangazo la Kiswahili la kutundika mlangoni kikimwagika kitu. Niliandika HATARI kwa herufi kubwa nyekundu, chini yake mistari minne ya maelezo. Nikampelekea mama asome.

Alisoma polepole, akanirudishia.

"Hilo neno litoe. Hatari imeandikwa kwenye kila nguzo ya umeme na sote tunaegemea. Niambie nisiingie, niambie kuna nini, niambie nimwite nani."

Tangazo likawa: USIINGIE. MAKOHOZI YAMEMWAGIKA. MWITE MTU WA MAABARA. Chini tukaandika namba ya simu.

Na kuna kanuni moja ambayo haimo kwenye karatasi hiyo, ila kila kijana mgeni namwambia siku ya kwanza. Kikimwagika kitu, mmoja anabaki mlangoni mpaka mwisho. Msimamizi atafuatwa na mwingine.