Fito za Wavuvi wa Gisenyi

Mji wa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, uko kaskazini mwa Ziwa Kivu, umepakana na Goma ya Kongo. Ziwa hilo liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Humo huvuliwa sambaza, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Jua likitua, wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti ya mkaratusi. Fito ndefu zilizochomoza mbele na nyuma hushikilia wavu, na taa huwavuta samaki. Makasia hupigwa kwa wimbo.

Viungo hivyo hufungwa kwa kamba. Gundi nayo ina mahali pake: pete ya ufito wa mshipi ikilegea, mwenyewe huukausha, huusugua kwa msasa, hupaka gundi na kuuacha hadi kesho yake. Lakini fito za mitumbwi hulowa kila usiku na kupindwa na uzito wa wavu. Gundi ingebanduka, kamba huvumilia.

Hata hivyo, kamba hulegea. Kiungo kimoja kikiachia gizani, wavu huinama, samaki hutoroka, na familia kadhaa hukosa kitoweo na fedha ya siku. Kwa hiyo mafundo hukaguliwa na kukazwa ufukoni, mchana. Askari asafishaye bunduki yake kabla ya zamu ya lindo atawaelewa wavuvi hao.