Umeacha ugali, sasa kiu na mkojo havikupi nafasi? Soma hapa kwanza

Leo naomba tuweke pembeni pamba na viwavijeshi, tuzungumze jambo ambalo nimeulizwa mara nyingi kwenye vikundi vyetu vya Bunda, Butiama na hapa Musoma. Mtu amesikia kwenye simu kwamba ukiacha wanga unapungua uzito. Ameacha ugali na mwili umeanza kupungua kweli, ila kiu haikatiki na usiku anaamka mara nne kukojoa. Ananiuliza, "Bwana shamba, hii ni kawaida?"

Mimi ni afisa ugani, si daktari. Ila njia hiyo nimeipita mwenyewe. Mwaka huu nilikaa wiki sita bila ugali, wali, viazi, soda wala chai ya sukari. Nilikula sato, dagaa, mayai, mchicha, mlenda, parachichi na karanga kidogo. Kwa mtu wa Mara hilo si jambo dogo. Mama yangu mdogo aliniangalia nikila samaki mtupu akasema, "Mwanangu, hicho ni kitoweo. Chakula kiko wapi?"

Kabla ya kuanza nilipima sukari na presha kwenye kituo cha afya, vyote vikawa sawa. Siku ya tatu kiu ikanishika. Nikitoka Musoma kwenda Butiama kwa pikipiki nilikuwa nasimama njiani mara mbili kujisaidia. Wiki ya kwanza mizani ilionyesha nimepungua kilo 2. Kufikia siku ya kumi hivi, kiu ikatulia na usiku nikalala.

Kwa nini inatokea

Unga wa mahindi, karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga. Ukila, mwili unatumia kiasi na kingine unakiweka akiba kwenye ini na misuli. Akiba hiyo haikai kavu. Kila gramu 1 inashika takriban gramu 3 za maji. Ukiacha wanga, mwili unakula akiba yake na yale maji yanaachiwa. Fikiria muhogo ulioumenya ukauanika juu ya mwamba. Ukiwa makopa unakuwa mwepesi, lakini kilichotoka ni maji, unga umebaki. Kilo zile 2 za wiki ya kwanza nyingi ni za namna hiyo, usizihesabu kuwa ni mafuta.

Jambo la pili ni chumvi. Wanga ukipungua, homoni ya insulini nayo inashuka. Insulini ikishuka, figo zinaachia chumvi nyingi zaidi kwenye mkojo, na chumvi ikitoka maji yanaifuata. Ndiyo maana wengine wanapata kizunguzungu wakisimama, kichwa kinauma, misuli ya miguu inakaza. Kwa mtu anayepalilia juani tangu asubuhi, hilo linaweza kumwangusha shambani.

Lakini si kila kiu ni ya dayati

Hapa ndipo penye hatari. Kwenye kikundi chetu kimoja cha Butiama kuna mama aliyeacha ugali wakati uleule nilioacha mimi. Naye alikuwa na kiu na mkojo mwingi. Wenzake wakamwambia, "Ni dayati hiyo, hata bwana shamba inampata, itaisha." Wiki ya nne yangu ilikuwa imeshaisha siku nyingi, yake ilikuwa inazidi. Uzito unaporomoka, macho yanaona ukungu. Nikamuuliza, "Mama, kiu hii ilianza lini hasa?" Akafikiri kidogo, akasema ilianza kabla hata hajaacha ugali. Siku hiyohiyo nikamsindikiza kupima. Sukari ilisoma 17. Sasa anatumia dawa na anaendelea vizuri. Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina, ili mwingine asichelewe.

Kiu ya kuacha wanga ina mwanzo na mwisho. Inaanza siku chache baada ya kubadili chakula, na kwa kawaida inatulia ndani ya wiki mbili hivi. Kiu iliyokuwepo kabla, au isiyoisha, itafutiwe sababu nyingine.

Fanya hivi

1. Pima sukari na presha kabla ya kubadili chakula. Ukipima asubuhi kabla ya kula, 7.0 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine na kusoma hivyohivyo, ni kisukari. Ukiwa na dalili, 11.1 au zaidi saa yoyote inatosha.

2. Ukiwa tayari unatumia vidonge vya kushusha sukari, insulini, au dawa za presha, usiache wanga kabla hujaongea na daktari. Chakula kimepungua, dawa imebaki ileile: sukari au presha inaweza kushuka hadi ukazimia. Dawa nazo usijipunguzie mwenyewe.

3. Kunywa maji kwa kufuata kiu, usijilazimishe ndoo nzima. Maji ya ziwa au ya lambo yachemshe kwanza.

4. Supu ya samaki au ya kuku yenye chumvi ya kawaida inasaidia kwa asiye na presha, ugonjwa wa moyo wala wa figo. Mwenye hayo aulize kwanza.

5. Angalia mkojo wenyewe. Ukiwa na damu, Kanda ya Ziwa tunakijua kichocho, hasa kwa wanaoshinda kwenye malambo na majaruba. Ukichoma wakati wa kukojoa, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Hayo hayatokani na kuacha ugali. Nenda kapime.

6. Kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, pumzi kunukia kama matunda yaliyoiva sana, au kuchanganyikiwa: usisubiri asubuhi, fika hospitali.

7. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiingie kwenye dayati hii bila mtaalamu.

Mimi sasa nimerudi kula ugali wa mtama, tonge dogo kuliko zamani, mboga nyingi, soda hapana. Wewe utachagua lako. Ila kama umeacha ugali na wiki mbili zimepita bado ndoo ya maji inalala pembeni ya kitanda, kesho kabla ya kwenda shambani pitia zahanati. Kutoboa kidole ni dakika moja tu.

Wiki ijayo tutarudi kwenye pamba, tuzungumze kupunguzia miche.